Kodi ya Kuni

Siku ya kwanza bosi aliniuliza kama naijua kodi.
Nikamwambia, nani asiyeijua?
Ya nyumba, ya soko, ya kizuizi cha barabarani,
ya kijana mwenye bunduki
anayedai chochote kabla hujavuka daraja.
Pelletier akacheka hadi kofia ikamdondoka.
Huku kodi ni rundo la kuni:
futi nne kwenda juu, nne kwenda ndani, nane kwenda mbele,
zimepangwa zikabanana kama meno.

Basi nimekuwa mtu wa kodi hapa Lewiston,
mwezi wa kumi na moja,
kwenye lori ambalo mlango wake nimeufunga kwa kamba.

Kazi yenyewe niliianza zamani, kwa paji la uso.
Mkanda ulipita hapa. Gusa. Bado pana bonde.
Mzigo mgongoni, mteremko mzima hadi Bukavu,
wenyewe kilo sabini, mimi hamsini na mimba.
Kuni zile zilikuwa za kupikia.
Hakuna aliyeniambia kwamba iko nchi
ambako watu hukoka moto
wasiinjike kitu.

Kwa Bi Ouellette niliyatafuta mafiga kwa macho.
Nikaona jiko la chuma lenye dirisha,
na moto ndani yake umekaa kama mgeni wa heshima,
hautumwi, haupiki,
unatazamwa tu.

Ana miaka themanini na mmoja na hadanganyiki.
Huchukua vipande viwili, akavigonganisha sikioni.
Kavu hulia *ngo*, kama mlango wa mtu unayemdai.
Mbichi hunyamaza, hutoa *du* ya tumboni.
Hasemi neno. Ananirudishia.
Mimi nami nikamwonyesha vya kwetu:
nikaunusa ukuni pale ulipokatwa,
nikamwambia huu ulilala mvuani wiki mbili.
Tangu siku hiyo ananiita kwa jina, Nabintu,
ingawa analitamka kama mtu anayetafuna barafu.

Mwokaji wa Mtaa wa Lisbon anataka mwaloni peke yake.
Fundi wa gereji huchoma hata mbao za masanduku.
Na yuko bwana mmoja anayelea nyanya ndani ya vioo,
theluji imefika dirishani, nyanya zinaiva;
zinakula kodi tatu kwa mwezi, zile nyanya,
kuliko familia yoyote ninayoijua.

Wahenga walisema ukuni wa uchagani
huucheka ulio motoni.
Huku sijausikia ukicheka.
Unahesabu.

Februari rundo la Bi Ouellette lilifika magotini.
Alikuwa amehamia chini, kitanda kando ya jiko,
vyumba vya juu amewaachia baridi.
Akaomba nusu kodi. Kisha robo.
Pelletier akasema robo hatuuzi,
akageuka upande, akajifanya anatafuta funguo.

Nyuma ya kanisa ipo benki ya kuni.
Aliyezidiwa huweka, aliyepungukiwa huchukua,
riba hakuna, wala foleni, kwa sababu watu huona haya.
Jumamosi nilijaza lori pale, nikaenda kwake.
Akasimama mlangoni, mikono kifuani:
Sijaagiza. Sina pesa. Sitaki sadaka.

Nikamweleza neno letu.
Kwetu, mama, kodi ni ile
mpangaji anayomlipa mwenye nyumba.
Nami nakipanga kile kiti, pale karibu na moto,
Jumamosi saa mbili, hadi theluji iishe.
Na juu ya jiko lako napanga nafasi ya sufuria moja.
Maharage yangu kwenye gesi yananila pesa.

Alinitazama kwa muda mrefu.
Upepo ulikuwa ukiingia ndani, ukitumia moto wake bure.
Akashuka ngazi na viatu vyake vya manyoya,
akachomoa vipande viwili katikati ya shehena,
si vya juu, vya katikati,
akavigonganisha sikioni.